Sifuri kwa Mwenye Kibali

Wahusika
ROBOTA: pamba nyuzi kutoka Meatu, mkoani Simiyu, Tanzania.
TEXAS: robota la pamba ya Marekani, amefungwa mikanda safi, anapenda kuongea.
KIBALI: karatasi ya mgao wa kuagiza pamba, mwenye muhuri mwekundu.
UZI: koni ya uzi wa pamba kutoka Vietnam, ana haraka.
BI PANYA: mkazi wa ghala kwa vizazi vingi.

Mahali: ghala la forodha, bandari ya Qingdao, China. Mzigo ulioko humu umeshashuka melini, lakini kisheria haujafika nchini mpaka ulipiwe ushuru. Ni usiku wa Desemba 31, saa tatu.

ROBOTA: Hodi humu! Hodi wenyewe!

TEXAS: Umeshaingia, hodi ya nini tena?

ROBOTA: Nimeingia ghalani, China bado. Kuli aliyenishusha ameniambia mlango wenyewe ni ule wa pili, wenye bawabu.

BI PANYA: (anachungulia kutoka darini) Karibu, mjukuu wangu.

ROBOTA: Shikamoo, bibi.

BI PANYA: Marahaba. Huyu amelelewa. Bwana Texas yuko hapa tangu masika, hajaniamkia hata siku moja.

TEXAS: Kwetu hatuamkii panya.

BI PANYA: Najua, kwenu mnatutegea sumu. Haya mjukuu, wa wapi wewe?

ROBOTA: Meatu, Usukumani. Nimechumwa kwa mkono, nikapimwa kwenye mizani ya chama cha msingi, nikachambuliwa jineri, nikafungwa. Toka Dar es Salaam mpaka hapa nimelala chali.

BI PANYA: (ananusa) Mbona una mchanga?

ROBOTA: Kidogo tu, bibi. Mkulima wangu alininyunyizia maji akanitia na mchanga ili nipande uzito.

SAUTI KUTOKA MEZANI: Udanganyifu!

ROBOTA: Karani naye alikuwa ameshachezea mizani tangu asubuhi. Wakatoka sare bila kuambiana. Nani huyo anayesema?

KIBALI: Mimi. Huku juu, mezani kwa ofisa, chini ya kikombe cha chai. Mimi ni Kibali cha Mgao. Bila mimi, humu haitoki pamba kwenda mjini isipokuwa kwa machozi.

ROBOTA: Mheshimiwa, mimi sina haja ya kukusumbua. Nina habari njema. Kuanzia Desemba 1, 2024, China imefuta ushuru kwa nchi maskini kabisa zote zenye uhusiano nayo wa kibalozi, na yetu imo. Tulisikia redioni, tukiwa jineri. Sifuri! Mkulima wangu alikwenda dukani akakopa soda.

KIBALI: Habari hiyo ni ya kweli. Ushuru ni sifuri kwa kila bidhaa iliyomo kwenye orodha.

ROBOTA: Basi nifungulieni.

KIBALI: Subiri, kuna kifungu kidogo. Kwa bidhaa zenye mgao, yaani ngano, mahindi, mchele, sukari, sufu na pamba, sifuri hiyo inahusu kiasi kilichomo ndani ya mgao. Nje ya mgao, ushuru unabaki vilevile.

ROBOTA: Kabla ya msamaha huu, aliye ndani ya mgao alikuwa akilipa ngapi?

KIBALI: Asilimia 1.

ROBOTA: Kwa hiyo mmenisamehe...

KIBALI: Asilimia 1. Shukrani hupokelewa kwa maandishi, saa za kazi.

ROBOTA: Na aliye nje?

KIBALI: Asilimia 40.

(Kimya. Texas anacheka mpaka mikanda inalia.)

TEXAS: Piga hesabu, ndugu yangu. Tuseme tani yako inauzwa dola 1,600. Mwenye kibali alikuwa akilipa dola 16, sasa halipi kitu. Asiye nacho analipa dola 640. Soda ile mkulima wako ailipe tu, maana hizo dola 16 haziendi Meatu, zinabaki kwa mnunuzi.

ROBOTA: Sasa mgao wenyewe una ukubwa gani? Labda nafasi yetu ipo.

KIBALI: Tani 894,000 kwa mwaka. Tuliahidi tulipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, tukaifikia idadi hiyo mwaka 2004, na toka hapo haijaongezeka hata kilo. Theluthi moja ni ya mashirika ya serikali.

BI PANYA: Na viwanda vya nchi hii vinameza karibu tani milioni 8 kila mwaka.

KIBALI: Ndiyo maana nina heshima. Kungekuwa na vibali vya kutosha, nani angenifunika kwa kikombe? Lakini msinione katili. Mwaka ukiwa mbaya, wakubwa hutoa mgao wa ziada, wenye ushuru wa kupanda na kushuka.

ROBOTA: Hupanda lini?

KIBALI: Wewe ukiwa rahisi.

ROBOTA: Na hushuka?

KIBALI: Ukiwa ghali. Utaratibu huo tumeuanza mwaka 2005. Nia yake ni kwamba hata ungeuzwa kwa bei gani, usimshinde mkulima wetu wa Xinjiang.

ROBOTA: Mkulima wangu alidhani shida yake ni viwavi. Nieleze basi, mheshimiwa, mtu anakupataje?

KIBALI: Kila mwezi wa kumi wenye viwanda huomba. Wanaokubaliwa ni walioagiza pamba kwa kibali mwaka uliotangulia, au wenye kiwanda cha kusokota uzi chenye spindeli 50,000 na zaidi.

ROBOTA: Yaani ili upate kibali uwe ulikuwa nacho.

KIBALI: Au uwe mkubwa. Hatubagui.

ROBOTA: Na muuzaji? Mkulima? Chama cha msingi?

KIBALI: Hao hawamo kwenye fomu.

BI PANYA: Mwambie na lile jingine. Mwambie umebakiza ngapi.

KIBALI: (anakohoa) Nilitolewa kwa tani 200. Nimetumika tani 180.

ROBOTA: Zimebaki 20! Mheshimiwa, sisi kontena letu zima ni tani 20! Wenzangu wako nyuma ya mlango, wote wa Meatu, wote wamekaa kimya kwa adabu. Tuandike!

KIBALI: Siwezi kujiandika mwenyewe. Anayeandika ni tajiri wangu. Kwa mujibu wa kanuni, alitakiwa kuzirudisha tani zisizotumika kabla ya Septemba 15 ili wapewe wengine. Akasema tungoje, pengo la bei kati ya pamba ya ndani na ya nje litapanuka, na mimi nitazidi kuwa mtamu.

ROBOTA: Likapanuka?

KIBALI: Alichoka kungoja. Akanunua uzi.

(Mlango wa pili unafunguliwa. Toroli limejaa koni za uzi linapita, gurudumu linakwama.)

UZI: Ah! Gurudumu gani tena hili! Habari zenu. Msinizuie, lori liko nje, injini inanguruma.

ROBOTA: Dada, umetoka wapi na unakwenda wapi kwa ujasiri huo?

UZI: Natoka Vietnam, nakwenda kiwandani kufumwa.

ROBOTA: Una kibali?

UZI: Cha nini? Kibali ni cha pamba. Mimi ni uzi. Kwenye daftari la forodha nina ukurasa wangu.

ROBOTA: Ndani yako mna nini?

UZI: Pamba. Nyingine ya Marekani, nyingine ya Brazil. Vietnam hailimi pamba ya kutosha hata kujaza mto wa kulalia, inaagiza karibu yote, na mlangoni kwake pamba haidaiwi ushuru wala kibali. Wananisokota, wananiviringisha, natumwa huku. Kwa mapatano ya China na nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, nalipa sifuri. Sifuri ile kamili, isiyo na kifungu kidogo.

TEXAS: Hebu subiri. Rangi hiyo naijua. Wewe si wa shamba la jirani yetu?

UZI: Inawezekana, mjomba. Nikishasokotwa ukoo siukumbuki.

TEXAS: Mtoto wa juzi anapita mbele yangu!

BI PANYA: Na waliomsokota ni nani, mwanangu? Sema kwa sauti, Mheshimiwa Kibali asikie.

UZI: Wachina. Si wote, lakini wengi. Kampuni ya Texhong ilianza kusokota Vietnam mwaka 2006, na wengine wakafuata. Keer, kampuni ya Hangzhou, ilivuka bahari kabisa. Mwaka 2013 ilitangaza kujenga kiwanda South Carolina, isokotee uzi palepale kwenye pamba ya Marekani, kisha iupeleke China.

ROBOTA: Mchina anakwenda Marekani kusokota pamba ili airudishe China?

UZI: Ilikuwa nafuu kuihamisha mashine kuliko kukipata kibali. Haya, gurudumu limekubali. Kwaherini. (Anatoka. Bawabu anamfungulia mlango bila kumtazama.)

ROBOTA: Mheshimiwa, umemwona huyo?

KIBALI: Sikumwona. Si wa idara yangu.

ROBOTA: Amebeba pamba!

KIBALI: Amebeba uzi. Kazi yangu ni kumlinda mkulima wa nchi hii dhidi ya pamba ya nje, nami naifanya vizuri. Pamba ya nje haipiti. Kama inapita ikiwa imebadilisha nguo, hilo muulizeni fundi cherehani.

BI PANYA: Mjukuu, kaa nikusimulie. Sisi panya hatuishi miaka mingi lakini tunasimuliana. Bibi ya bibi ya bibi yangu alikuwa akiishi kwenye ghala la akiba ya taifa. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kwamba itanunua pamba ya wakulima wake kwa yuani 19,800 kwa tani. Mwaka uliofuata ikapandisha ikawa 20,400. Bei ya dunia ilikuwa chini mno.

ROBOTA: Wakulima walifurahi?

BI PANYA: Walifurahi, na haki yao. Lakini kiwanda gani kitanunua kwa bei hiyo na jirani wa nje ananunua kwa bei ya dunia? Pamba yote ikakimbilia ghalani. Mwaka 2012 pekee serikali ilimeza zaidi ya tani milioni 6. Ilipofika 2014 akiba ilikuwa imepita tani milioni 10. Zaidi ya nusu ya pamba yote iliyolala maghalani duniani ilikuwa imelala China. Ukoo wetu haujapata enzi kama ile. Tulizaliana bila hofu.

KIBALI: Hiyo ndiyo iliyokuwa enzi yangu! Pamba ya ndani ghali, ya nje rahisi, na mimi katikati. Nilitembea kwenye pochi za wakubwa.

BI PANYA: Ukiuzwa.

KIBALI: Sheria inakataza nisiuzwe.

BI PANYA: Sikukuuliza sheria.

KIBALI: Tuliendelea vizuri. Mwaka 2013, ili pamba ya ghalani itoke, serikali ikanifanya zawadi. Kiwanda kikinunua tani 3 za akiba kinapewa kibali cha tani 1 ya nje.

ROBOTA: Ah, hiyo tunaijua. Muuza samaki pale Mwanza hakupi sangara mbichi mpaka umsaidie kumaliza fungu la dagaa walioanza kunuka.

KIBALI: Lugha hiyo haifai kwa sera ya taifa.

BI PANYA: Lakini dagaa waliisha polepole sana. Mwaka 2014 ununuzi huo ulikomeshwa, wakulima wa Xinjiang wakaanza kufidiwa tofauti ya bei. Kuanzia 2016 minada ikafunguliwa kwa nguvu, na bado ilichukua miaka ghala kupumua. Wakati huo uzi wa nje ulikuwa umeshaijua njia. Mkulima alilindwa, msokotaji akahama. Sasa mkulima anatafuta wa kumsokotea.

TEXAS: Mnaona? Haya ndiyo madhara ya serikali kuingilia biashara. Kwetu tunaamini soko huria. Mwacheni mwenye pamba bora auze, asiyeweza alime kitu kingine. Mimi mwenyewe mtu mzima, bila kosa, Machi 2025 nikabandikwa asilimia 15 juu ya ushuru mwingine wote. Kwa nini? Kwa sababu rais wangu na rais wao walikuwa hawasalimiani!

BI PANYA: Soko huria, Bwana Texas?

TEXAS: Tangu utoto wangu.

BI PANYA: Humu ghalani waliwahi kuhifadhi majalada ya zamani. Nilitafuna baadhi, mengine nikasoma kwanza. Septemba 1939 nani aliweka mgao wa pamba ya nyuzi fupi kutoka nje, ratili 14,516,882 kwa mwaka kwa dunia nzima?

TEXAS: Zamani hizo.

BI PANYA: Hazifiki marobota 31,000 ya ratili 480. Na kila nchi iliandikiwa kipimo chake. Mexico ilipewa ratili milioni 8 na ushee. Haiti ilipewa ratili 237, yaani nusu ya robota. Nusu hiyo wangeifungaje, sijui.

ROBOTA: Na sisi? Tulikuwemo?

BI PANYA: Palikuwa na mstari umeandikwa "Afrika Mashariki ya Waingereza". Ratili 2,240.

ROBOTA: Zinafika marobota mangapi?

BI PANYA: Manne na kitu.

ROBOTA: Kwa mwaka?

BI PANYA: Kwa mwaka. Mgao huo ulikaa mpaka 1995, ndipo ukageuzwa kuwa wa namna hii hii ya Mheshimiwa Kibali, ushuru mdogo ndani na mkubwa nje.

KIBALI: (kwa furaha) Kumbe tuna ukoo mmoja, Bwana Texas!

TEXAS: Sina undugu na karatasi.

BI PANYA: Na ruzuku? Brazil ilikushtaki Geneva, kwenye Shirika la Biashara Duniani, mwaka 2002, ikashinda, ukakata rufaa, ikashinda tena mwaka 2005. Ulifanya nini?

TEXAS: Tulifuata sheria.

BI PANYA: Uliendelea kumlipa mkulima wako. Brazil iliporuhusiwa kulipiza, mwaka 2010 ukakubali kuilipa dola milioni 147.3 kila mwaka, na mwaka 2014 ukaongeza milioni 300 yaishe. Badala ya kuacha kumlipa mkulima mmoja, ukaona heri uwalipe wawili.

ROBOTA: Na wa Afrika?

BI PANYA: Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walikwenda kwenye mkutano wa shirika hilo Cancún mwaka 2003 na kilio hicho hicho. Rasimu iliyotoka iliwashauri walime na vitu vingine.

ROBOTA: Walipewa ngapi?

BI PANYA: Walipewa ushauri. Brazil ilikuwa na kitu cha kulipizia.

ROBOTA: (anawaza) Kumbe tatizo si kwamba mlango umefungwa.

KIBALI: Haujafungwa kabisa. Nimekueleza, ni asilimia 40.

ROBOTA: Umefungwa kwa anayekuja mbichi. Aliyesokotwa anapita, aliyeshonwa shati anapita akipiga mluzi.

KIBALI: Basi msitulaumu sisi. Nani aliwakataza kusokota? Mwaka 1968 tuliwasaidia kujenga kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam. Spindeli tulileta sisi, mafundi tulileta sisi.

ROBOTA: Kweli, na Mwalimu Nyerere alikifungua. Lori langu lilipita Ubungo usiku, kwenye Barabara ya Morogoro, pembeni ya ukuta wake. Nilitega sikio nisikie mashine. Nikasikia bodaboda.

TEXAS: Sasa umlaumu nani kwa hilo? Mchina? Mmarekani?

ROBOTA: Hapo sina wa kumsingizia. Viwanda vichache vilivyobaki nyumbani vinatumia sehemu ndogo tu ya mavuno. Sisi wengine tunafungwa mikanda tunapakiwa tukiwa tumebeba mbegu ya kazi ya watu wengine. Na kila miaka michache mjumbe wetu hurudi na sifuri mpya, watu wakashangilia. Angerudi na umeme usiokatika na mkopo wa riba nafuu kwa mwenye spindeli, nani angempigia ngoma? Spindeli haichezeki, haiimbiki, na haifungui mkutano.

BI PANYA: Umeanza kukua, mjukuu.

ROBOTA: Nimekuwa ghalani saa tatu tu, bibi.

BI PANYA: Wengine hukaa wizarani miaka thelathini.

(Saa ya ukutani inagonga sita usiku. Nje, fataki za mwaka mpya wa Kizungu zinalia moja moja. Kibali anatetemeka.)

KIBALI: Imepita? Imepita kweli?

TEXAS: Imepita. Soma kwenye kifua chako: mwisho wa kutumika, Desemba 31.

KIBALI: Tani 20! Nimekufa na tani 20 tumboni! Na pamba imelala hatua nne kutoka hapa!

ROBOTA: Pole, mheshimiwa. Tulikuwa tayari.

KIBALI: Mwakani tajiri wangu atakatwa mgao kwa ajili yangu.

BI PANYA: Naye ataomba akisema ana spindeli 50,000, na hakuna atakayekwenda kuzihesabu ziko Qingdao au Vietnam.

(Ofisa wa zamu anaingia akipiga miayo. Anambandika Robota karatasi ya njano, anaandika jambo, anatoka.)

ROBOTA: Bibi, wewe unasoma. Imeandikwaje?

BI PANYA: "Kusafirishwa tena. Bandari ya Hai Phong, Vietnam." Hongera, mjukuu. Unakwenda kusokotwa.

ROBOTA: Kisha?

BI PANYA: Kisha unarudi hapa hapa, kwa toroli. Utapita ule mlango wa pili bila kuulizwa kitu, na ushuru wako utakuwa sifuri.

ROBOTA: Lakini sifuri si ndiyo nilikuja nayo?

TEXAS: Ulikuja na sifuri ya Tanzania. Unarudi na ya Vietnam.

ROBOTA: Na bei ya kunisokota?

TEXAS: Ya Vietnam.

ROBOTA: Na kazi ya kunisokota?

TEXAS: Ya Vietnam. Meatu wanabaki na deni la soda.

(Makuli wanaingia. Robota anainuliwa, wenzake wanafuata mmoja mmoja. Taa zinazimwa. Bi Panya anashuka taratibu kutoka darini mpaka mezani, anakisukuma kikombe pembeni.)

KIBALI: Unataka nini wewe? Usinikaribie! Mimi ni waraka wa serikali! Kwa mujibu wa kanuni...

BI PANYA: Kanuni za mwaka jana, mwanangu. Tulia. (Anaanza na muhuri.)